Mzee apewe haki yake, si hisani

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa halmashauri katika wilaya mojawapo ya Kanda ya Ziwa.



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu. Nilipoletewa barua ya kuombwa nizungumze juu ya huduma za afya na ustawi wa wazee, nilijua kwamba nimechaguliwa kwa ajili ya mvi zangu. Sina kinyongo. Lakini sikuja hapa kuwa mzee anayelalamika. Nimekuja kama mtu aliyekwisha kukaa pande zote mbili za meza: kwa miaka mingi nilikaa upande wa mtumishi wa umma, na sasa nakaa kwenye benchi, nikisubiri kuitwa jina.

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2016, miaka mitatu kabla sijastaafu, nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano ambaye kila wiki alikosa siku moja au mbili. Daftari la mahudhurio lilijaa alama nyekundu mbele ya jina lake. Nilimwita, nikamwuliza, akainamisha kichwa, hakujibu. Nikamwadhibu kwa utoro. Wiki iliyofuata hakuja tena. Ndipo nilipoamua kwenda kwao.

Nilimkuta ameshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na bibi yake, wanarudi kutoka zahanati. Bibi yule alikuwa haoni. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikwisha kwenda zahanati mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji. Mara ya pili mtendaji alikuwa safarini. Mara ya tatu alikuja na barua, akaulizwa cheti cha kuzaliwa ili ithibitike kwamba ametimiza miaka 60. Bibi huyo alikwisha kuwa na watoto wawili bendera yetu ilipopandishwa mwaka 1961! Mara ya nne karatasi zote zilikubaliwa, akaambiwa kwamba ugonjwa wake hautibiwi pale. Aende hospitali ya mkoa, na nauli ajitafutie.

Ndugu zangu, mtoto yule hakuwa mtoro. Alikuwa anafanya kazi ambayo ilitupasa sisi kuifanya. Yeye alikuwa macho ya bibi yake kwa kuwa utumishi wetu wa umma ulikuwa umefumba macho. Nami, mwalimu wake, nilimwadhibu kwa hilo.

MSINGI WA JAMBO HILI

Wako watu wanaosema kwamba habari ya matunzo ya wazee ni jambo geni lililoletwa na mikutano ya mataifa. Ni kweli kwamba Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa kwanza wa dunia juu ya wazee mjini Vienna mwaka 1982, na wa pili mjini Madrid mwaka 2002, na kwamba tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Wazee Duniani. Lakini sisi hatukungoja kufundishwa Vienna.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa kuwa ndio msingi wa siasa yetu, alieleza jambo ambalo yafaa tulikumbuke leo. Alieleza kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba yule mzee aliyeonekana kustarehe bila ya kufanya kazi alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa bidii katika ujana wake wote. Kisha Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipokataza mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe, liliwataja waziwazi wale wasiohusika na katazo hilo: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao Taifa halijaweza kuwapatia kazi.

Tafsiri ya maneno hayo ni nyepesi. Mzee si mnyonyaji, wala si ombaomba. Mzee ni mtu aliyekwisha kuweka akiba, na akiba yake ni barabara alizochimba kwa kujitolea, ni shule alizojenga kwa matofali aliyoyabeba kichwani, ni pamba na kahawa alizolima zikaleta fedha za kigeni, ni watoto aliowazaa na kuwalea ambao leo ndio sisi, walimu na makarani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anapokuja kwenye dirisha la zahanati, haji kukopa; anakuja kuchukua kilicho chake.

NINI KIMEKWISHA AHIDIWA

Tusiseme kwamba hakuna lililofanywa. Hiyo itakuwa si kweli, na mtumishi hatumikii wananchi kwa uongo. Hadi mwaka 1993 matibabu katika hospitali na zahanati za Serikali yalikuwa bure kwa wote. Utaratibu wa kuchangia gharama ulipoanza mwaka huo, makundi fulani yalisamehewa. Mwaka 2003 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee, ikatamka kwamba mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na kwamba wazee wasio na uwezo watatibiwa bila malipo. Kuanzia mwaka 2007 ulianza mpango wa kujenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Baadaye yakaja madirisha ya wazee, vitambulisho vya matibabu, mabaraza ya wazee kutoka kijijini hadi wilayani, na mwito wa kumtanguliza mzee kwenye foleni. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Ndugu zetu wa Zanzibar wamekwenda mbele zaidi. Tangu mwezi Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi, kwa fedha yake yenyewe, ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani, mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani. Kiwango cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Jambo kubwa hapo ni msingi wake hata zaidi ya fedha yenyewe: mzee haulizwi kama ni maskini wa kutosha, anaulizwa umri wake tu.

Ahadi basi zipo, na ahadi ni deni. Swali ni hili: kati ya ahadi iliyoandikwa Dodoma na mkono wa bibi anayepapasa njia ya zahanati, ni nani aliyesimama katikati? Jibu ni moja tu. Aliyesimama katikati ni mimi na wewe.

KUSAMEHEWA ADA SI KUPATA DAWA

Naomba sasa tutazame jinsi mambo yanavyokwenda hasa, maana ubaya mwingi hautoki katika roho mbaya ya mtu bali katika utaratibu uliopangwa nusu.

Mzee anafika na kitambulisho chake. Anamwona mganga bila kulipa. Anaandikiwa dawa. Anakwenda kwenye dirisha la dawa, na hapo anasikia neno ambalo wazee wote wa nchi hii wanalijua kwa moyo: dawa hakuna, kanunue dukani. Kwa hiyo alichosamehewa ni ile ada ndogo ya kumwona mganga. Mzigo mkubwa, yaani dawa, umerudi begani kwake.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kituo cha afya hununua dawa, kutoka Bohari ya Dawa na kwingineko, kwa fedha ya Serikali na pia kwa fedha kinayoikusanya chenyewe kutokana na malipo ya papo kwa papo na ya bima. Mzee anayetibiwa kwa msamaha haleti kitu katika mfuko huo. Ikiwa halmashauri haikutenga fedha ya kufidia matibabu yake, basi kila mzee anayehudumiwa anapunguza kabati la dawa, na hakuna anayelijaza. Mganga mwenye moyo wa huruma hujikuta anaadhibiwa kwa huruma yake. Wazee wakizidi, dawa zinapungua. Dawa zikipungua, wenye fedha wanakimbilia kwingine. Wakikimbia, mapato yanashuka. Hatimaye mzee anaonekana kuwa ndiye chanzo cha umaskini wa zahanati, hali chanzo ni kalamu ya aliyetunga bajeti akasahau safu moja.

Zipo halmashauri zilizolitambua jambo hili, zikawalipia wazee wao mchango wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ili mzee aingie kituoni akiwa mwanachama aliyelipiwa kama wenzake. Huo ndio mwelekeo. Msamaha usio na fedha nyuma yake ni sawa na hundi iliyoandikwa juu ya akaunti tupu.

MARADHI YA UZEENI

Jambo la pili linahusu maradhi yenyewe. Zahanati zetu zilipangwa, na kwa haki, kupambana na malaria, kuhara, surua na hatari za uzazi. Hayo ni maradhi yanayokuja kwa ghafla. Mgonjwa hutibiwa akapona au akapewa rufaa. Maradhi ya uzeeni hayaendi hivyo. Shinikizo la damu na kisukari havitibiwi kwa vidonge vya siku tano. Ni dawa za kila siku hadi mwisho wa maisha. Mzee anayepewa dawa za presha za wiki mbili, kisha akakosa kwa miezi miwili, hajatibiwa, ameahirishiwa kiharusi. Na kiharusi kikishamlaza, watu wawili wameondolewa katika kazi: yeye mwenyewe, na binti au mkwe atakayemgeuza kitandani.

Mtoto wa jicho ndiyo sababu inayoongoza ya upofu duniani, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Tezi dume humzuia mzee kukojoa; naye kwa haya hunyamaza mpaka anapofikishwa hospitali usiku akiwa taabani. Maumivu ya viungo humfanya ashindwe kutembea kilometa tano kwenda kituoni, kwa hiyo hata dawa zikiwapo hazimfai. Haya yote hayahitaji mashine za mabilioni. Yanahitaji mambo matatu: kipimo cha presha na cha sukari, dawa zisizokatika, na mtumishi anayekwenda nyumbani kwa mzee asiyeweza kuja.

MACHO MEKUNDU

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kusimama katika Kanda hii nikazungumza juu ya afya ya wazee, kisha nikanyamaza juu ya damu yao iliyomwagika.

Katika mikoa yetu ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao mara nyingi ulikuwa wekundu wa macho. Nani asiyejua macho hayo yametoka wapi? Mwanamke aliyepika kwa miaka 50 ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kwa kuni mbichi, na miti ilipokwisha akapika kwa mavi ya ng'ombe makavu, atakuwa na macho ya rangi gani? Macho mekundu ni alama ya kazi. Ni sugu ya jicho, kama vile kiganja cha mkulima kilivyo na sugu ya jembe. Tumemwua mama kwa kosa la kutupikia!

Tena kuna ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee. Mgonjwa hupotea njia ya nyumbani kwake, huzunguka usiku, husema maneno yasiyoshikana, humkana mwanawe. Jirani asiyejua huona mchawi anawanga. Mganga wa ramli chonganishi hulithibitisha kwa malipo. Na mara nyingine nyuma ya ramli lipo shamba ambalo mtu fulani analitaka. Hapo maadui wetu watatu wa zamani, ujinga, maradhi na umaskini, wamekutana katika uwanja mmoja, na aliyeanguka ni bibi kizee.

Mambo haya hayawezi kuachiwa polisi peke yao. Polisi huja baada ya panga. Aliye na uwezo wa kufika kabla ya panga ni mwalimu darasani, mhudumu wa afya nyumbani, na mtendaji katika mkutano wa kijiji.

HOJA MBILI ZA KUKWEPA

Katika mabaraza mengi nimesikia hoja mbili zinazotumiwa kulikwepa jambo hili.

Hoja ya kwanza ni kwamba Mwafrika hutunzwa na ukoo wake, kwa hiyo Serikali haina haja ya kujiingiza. Naheshimu ukoo. Lakini tutazame ukoo ulivyo leo, tusiutazame tunavyoukumbuka. Vijana wamekwenda mijini na migodini. UKIMWI ulichukua kizazi cha katikati katika nyumba nyingi, ukawaacha bibi na wajukuu. Badala ya mzee kutunzwa na ukoo, mara nyingi mzee ndiye aliyegeuka kuwa ukoo wenyewe, akilea watoto wadogo kwa nguvu alizokwisha kuzimaliza. Wasiokuwa na mtu kabisa wamepokewa katika makazi ya wazee kama yale ya Kolandoto, Bukumbi, Ipuli, Kibirizi na Nunge. Makazi hayo ni ya lazima, na tuwashukuru wanaofanya kazi humo. Lakini mzee aliye wengi hataki kuhamishwa. Anataka afie nyumbani kwake, akiwa ametibiwa. Huduma ya nyumbani haivunji ukoo. Inaupa nguvu ukoo uliochoka.

Hoja ya pili ni kwamba fedha hakuna. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee 2,507,568 katika watu 44,928,923. Mwaka 2022 watu tulikuwa 61,741,120, na wazee nao wameongezeka. Ni kweli kwamba mzigo ni mkubwa. Lakini hoja ya fedha ingekuwa na uzito zaidi kama ingetolewa na halmashauri inayojua ina wazee wangapi, wanaishi vijiji gani, na wangapi kati yao wana presha. Anayesema hawezi kulipa gharama ambayo hajaihesabu hajatoa hoja, ametoa udhuru. Na mengi nitakayoyataja sasa yanadai uangalifu kuliko fedha.

LA KUFANYA

Kwanza, kila mtendaji wa kijiji na mtaa awe na daftari la wazee, lililosomwa hadharani katika mkutano wa kijiji ili asiachwe mtu. Asiye na cheti cha kuzaliwa athibitishwe na baraza la wazee wenzake, wanaojua nani alikuwa rika la nani. Kumdai cheti mtu aliyezaliwa kabla cheti hakijafika kijijini kwake ni dhihaka.

Pili, kitambulisho kimfuate mzee. Haifai hata kidogo kwamba asiyeweza kutembea ndiye anayetakiwa kwenda na kurudi mara nne. Afisa ustawi wa jamii na afisa wa afya wapange siku moja kwa kila kijiji, wapime presha, sukari na macho, na wagawe vitambulisho papo hapo.

Tatu, madiwani wakatae kupitisha bajeti ya afya isiyo na safu ya dawa za wazee na ya nauli ya rufaa kwa wasiojiweza. Safu hiyo iwe na tarakimu, siyo maneno.

Nne, dirisha la wazee liwe na mtu. Nimeona madirisha yenye maandishi mazuri juu na kufuli chini.

Tano, naja kwenu walimu. Mtoto anayekosa shule kwa sababu anamwongoza babu kipofu asiandikwe mtoro mpaka tumefika kwao. Daftari la mahudhurio likisomwa vizuri ni ripoti ya afya ya kijiji kizima. Na katika masomo yetu tueleze wazi macho mekundu ni nini, na kusahau kwa uzeeni ni nini. Mtoto aliyefundishwa hayo leo hatashika panga akiwa kijana.

MWISHO

Ndugu zangu, sisi watumishi wa umma tuna pensheni. Tukifika miaka 60 tunaagwa kwa hotuba, tunalipwa mafao yetu, na kila mwezi kinakuja kitu. Mkulima aliyelipa kodi iliyotusomesha haagwi na mtu. Siku yake ya kustaafu ni siku mikono yake inapokataa jembe, na asubuhi yake ya pili huanza bila senti. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kutuamsha mapema kwenda kazini.

Pengine mtapenda kujua habari za bibi yule. Walimu wa shule yetu tulichanga nauli, akapelekwa hospitali ya mkoa, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja. Siku bandeji ilipofunguliwa alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akasema alikuwa hajajua kwamba ana mwanya. Mtoto alirudi darasani Jumatatu iliyofuata, wala hakukosa tena.

Tulijisifu sana kwa mchango ule. Leo sijisifu. Kwa sababu mchango wetu ulikuwa hisani, na hisani humfikia yule mmoja tu ambaye mwalimu wake aliamua kwenda kwao. Katika kijiji kile kile walikuwapo vipofu wengine ambao wajukuu wao hawakuwa katika darasa langu. Hao hisani haikuwafikia. Haki ingewafikia.

Kazi yetu, basi, ni kuufanya utumishi wa umma uwe hivyo kwamba macho ya bibi hayangoji bahati ya kukutana na mtu mwema. Yanahitaji kukutana na mtumishi aliye kazini, dirisha lililo wazi, na dawa iliyomo kabatini. Na tuharakishe, maana wanaotungoja hawana miaka mingi ya kungoja.